Kabla ya Picha Kwenye Mashine: Barua kwa Vyama Vinavyotafuta Madiwani Bunia

Kwa viongozi wa vyama vya siasa na miungano yao mkoani Ituri. Nakala kwa ofisi ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, CENI, mjini Bunia.



Barua hii inatoka Saio, mojawapo ya kartie za mji wa Bunia, na inahusu watu ambao vyama viliwaleta mbele ya wapiga kura tarehe 20 Desemba 2023 kuomba kiti cha udiwani wa komini. Haimshitaki mgombea yeyote, wala haimpigii debe mwingine. Diwani ndiye kiongozi wa kuchaguliwa aliye karibu zaidi na mlango wa mwananchi, mtu anayeweza kukutwa sokoni akinunua sombe. Imekuwaje basi kura yake ndiyo iliyopigwa kwa kujua machache kuliko zote?

Siku ile mkazi wa Bunia alichagua mara nne: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa mkoa na diwani wa komini. Hiyo ya nne haikuwafikia Wakongo wote. CENI iliipanga katika komini za miji mikuu ya mikoa peke yake, kwa hiyo katika Ituri waliohusika ni watu wa komini 3 za Bunia, yaani Mbunya, Nyakasanza na Shari. Na hata kwao lilikuwa jambo geni. Katiba ya 18 Februari 2006 inazipa komini haki ya kujiendesha, lakini chaguzi za 2006, 2011 na 2018 zilipita bila kura ya ngazi hiyo. Aliyepiga kura katika uchaguzi wa 2006 alisubiri miaka 17 kuulizwa nani awe diwani wake.

Alipoulizwa, aliulizwa kwa haraka. Nchi nzima ilikuwa na wagombea 31,234 wa viti 915 vya udiwani, yaani takriban watu 34 kwa kila kiti. Kampeni za urais na ubunge wa taifa zilianza 19 Novemba. Za madiwani zilifunguliwa 4 Desemba na kufungwa 18 Desemba, zikiwa zimefunikwa na misafara ya wakubwa. Kisha mpiga kura akaingia chumbani na kukuta mashine inayomwonyesha picha, jina, namba na chama. Aguse, karatasi itoke, atumbukize sandukuni. Kwa mtu anayetafuta uso anaoujua, mashine hiyo inatosha. Kwa anayetaka kujua kama mwenye uso huo amewahi kukabidhiwa fedha za watu na akazirudisha zote, haina la kumwambia, na haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kazi hiyo ni ya vyama.

Pengo hilo ndilo linalojazwa na ahadi zisizo na mwenyewe. Mgombea udiwani akisimama juu ya kiti cha plastiki na kuapa kwamba atawamaliza waasi wa CODECO na ADF, anaahidi jeshi ambalo baraza la komini halina. Akiapa kufungua barabara ya kwenda Mahagi au Komanda, anagusa kazi ya ngazi nyingine kabisa. Watu humpigia makofi kwa sababu amani na barabara ndivyo wanavyovililia, na yeye huondoka bila kuulizwa hata swali moja ambalo angelazimika kulijibu siku ya kwanza barazani.

Sheria namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008 imeeleza kazi ya baraza hilo bila mafumbo. Matengenezo ya njia za komini, mifereji ya maji ya mvua, masoko ya komini na usimamizi wake, taa za njiani, usafi na takataka: hayo ndiyo yaliyo mezani pa diwani. Anayeijua Bunia wakati wa mvua anajua kwamba hayo si mambo madogo. Anajua vumbi jekundu linavyogeuka tope, taksi moto zinavyopita kwenye ukuta wa nyumba ya mtu kwa sababu katikati ya njia pamekatika, na uchafu unavyosombwa mpaka mto Nyamukau. Mama anayeuza samaki wa Tchomia hulipa ushuru wa sokoni kila siku ya soko. Angependa kujua nani anapanga kiwango cha ushuru huo, na kwa nini choo cha soko hakionekani kuujua.

Liko pia suala la fedha zinazotoka juu. Katiba, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya mikoa, na sheria ya 2008 inazipa ngazi za chini, komini zikiwemo, asilimia 40 ya fungu la mkoa. Kila mtu Kongo anajua jinsi umbali ulivyo mkubwa kati ya maandishi hayo na kilichomo kwenye kasha la komini. Mgombea anayesema atajenga soko jipya bila kueleza fedha itapitia mlango gani, ama hajaisoma sheria, ama anategemea kwamba wapiga kura hawajaisoma. Swali la haki kwake ni fupi: kama fungu halitashuka kutoka mkoani, atafanya nini kwa ushuru uliopo?

Kuna kazi nyingine ya diwani ambayo haisemwi kabisa kwenye kampeni, na barua hii inaiona kuwa kubwa kuliko zote. Madiwani wa komini ndio wanaomchagua burgumesta, yaani mkuu wa komini. Ndio pia wanaowachagua madiwani wa mji, na hao wa mji ndio wanaomchagua meya. Maana yake ni kwamba mwananchi hatampigia kura meya wa Bunia hata mara moja. Kura yake ya meya imo ndani ya kura ya diwani. Vyama vinalijua hilo vizuri. Vinajua pia kinachotokea pale wachaguzi wanapokuwa wachache wanaoweza kuketi kwenye meza moja ya hoteli. Machi 2019, wabunge wa mikoa walipomaliza kuwachagua maseneta, tuhuma za kununua kura zilikuwa nzito kiasi kwamba Rais Félix Tshisekedi alisimamisha kusimikwa kwa maseneta hao kwa muda. Baraza la komini ni dogo kuliko bunge la mkoa. Basi mgombea wa udiwani aseme mapema, kwa kinywa chake, atamuunga mkono burgumesta wa aina gani, na kama chama chake tayari kina jina mfukoni.

Hapo inakuja hesabu ya orodha, ambayo wengi wa wapiga kura hawakuelezwa. Mtu anagusa picha ya mtu mmoja, lakini kura yake huhesabiwa kwanza kwa orodha ya chama. Tuseme orodha ina fundi viatu wa avenyu hii aliyepata kura 60, mfanyabiashara aliyepata 400, na wengine wenye vipande vipande mpaka jumla inafika 800. Kura 60 za fundi zimeingia kwenye 800, orodha imepata kiti kimoja, na kiti kinamwendea mfanyabiashara. Waliompenda fundi wamemchagua tajiri bila kujua. Hakuna wizi hapo, ni utaratibu halali wa uwiano. Lakini ndiyo sababu maswali haya yanapelekwa kwa vyama kabla ya kwenda kwa mgombea mmoja mmoja: chama kikiweka jirani mwema kwenye orodha ili amwokotee kura mtu ambaye hakuna anayemjua, kinapaswa kuwaonyesha watu orodha yote, na historia ya kila aliyemo.

Neno historia, katika Ituri, linahitaji tahadhari. Ukimtaja mgombea kwa mtu wa Bunia, swali la kwanza mara nyingi ni lile lile: anatoka wapi? Na anayeuliza hamaanishi avenyu. Mji huu unajua swali hilo lilifika wapi mwaka 2003, mwezi Mei, watu walipouawa kwa ajili ya kabila lao, mpaka jeshi la Ulaya la operesheni Artemis likaletwa Juni kuulinda mji. Thomas Lubanga, aliyeongoza kundi la waasi la UPC mjini hapa, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012 kwa kuwaingiza watoto jeshini. Bosco Ntaganda, kamanda wa kundi hilo hilo, akapewa miaka 30 mwaka 2019. Anayeishi na kumbukumbu hiyo hawezi kuambiwa kwamba wasifu wa mgombea ni kabila lake. Kabila halisemi lolote juu ya mifereji.

Wasifu unaotafutwa ni wa matendo. Ameishi katika komini hii tangu lini? Anakula kwa kazi gani? Amewahi kuwa mweka hazina wa kikundi cha akiba cha likelemba, wa komite ya wazazi, wa chama cha wamotari, wa kanisa au msikiti, na alipoondoka vitabu vya hesabu vilikuwaje? Amewahi kubeba silaha, au kuwalisha walioibeba? Sheria ya uchaguzi ya 9 Machi 2006 imeshaweka mpaka: aliyehukumiwa kwa hukumu ya mwisho kwa makosa ya kivita, ubakaji au ufisadi hawezi kugombea. Ila hukumu za mwisho ni chache mno katika mkoa ambako waliotenda ni wengi. Chini ya mpaka huo wa sheria kuna uwanja mpana ambao chama chenyewe ndicho mlinzi wake.

Vyama vyenyewe vimeona gharama ya kulala kwenye zamu hiyo. Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82 wa ubunge na udiwani kwa tuhuma za udanganyifu, kuharibu vifaa na kushika mashine za kura isivyo halali. Watu hao hawakuota siku moja kabla. Kila mmoja alipita mezani pa chama au muungano, faili lake likapigwa muhuri na mtu.

Kwamba kiti cha komini kinaweza kupata mtu mwenye wasifu na msimamo unaojulikana, Kongo ililishuhudia zamani. Léopoldville ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza wa komini, Desemba 1957, Joseph Kasa-Vubu alitokea kuwa burgumesta wa Dendale. Hakuna aliyehitaji kuuliza anasimamia nini. Chama chake cha ABAKO kilikuwa kimetoa tamko Agosti 1956 la kudai uhuru bila kusubiri miaka 30, na alipokabidhiwa kazi, 20 Aprili 1958, alisimama mbele ya Wabelgiji akadai uchaguzi mkuu na utawala wa ndani. Wabelgiji walikasirika. Wapiga kura wake hawakushangaa, kwa kuwa ndilo walilomtuma. Miaka miwili baadaye akawa rais wa kwanza wa nchi, na Dendale leo inaitwa kwa jina lake.

Ituri ina mfano wake wa karibu zaidi. Mwaka 2003, mji ukiwa bado unanuka baruti, mwanamke aliongoza bunge la mpito la Ituri: Pétronille Vaweka. Baadaye akawa kamishna wa wilaya, maana Ituri ilikuwa haijawa mkoa. Yeye hakupewa kiti kwa kuwa picha yake ilipendeza. Alijulikana kama mtu anayekwenda kuzungumza na wenye silaha mahali ambako wengine hawakwenda, na sifa hiyo ilimtangulia ofisini. Mwaka 2023 taasisi ya amani ya Marekani ilimtunuku tuzo yake ya wanawake wajenzi wa amani. Vyama vinavyolalamika kwamba havipati wanawake wa kugombea, ilhali sheria iliyorekebishwa 29 Juni 2022 inaziondolea dhamana orodha zenye wanawake nusu, vingeanza kuwatafuta walipo: kwenye vikundi vya sokoni, kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, kwenye shule.

Majirani nao wana la kuonyesha, kila mmoja kwa namna yake. Kenya humtaka mgombea ajaze fomu ya kujitangaza chini ya sheria ya uongozi na maadili ya 2012, akijibu kama amewahi kushitakiwa au kufukuzwa ofisini. Wengi huijaza kwa wino wa matumaini, lakini angalau karatasi ipo na mtu anaweza kuishika mkononi na kuuliza. Ng'ambo ya Ziwa Albert, Waganda walipowachagua wenyeviti wa vijiji Julai 2018, walijipanga mstari nyuma ya waliyemtaka, mchana kweupe. Ituri isiige mstari huo. Mahali ambapo jirani anaweza kukuadhibu kwa kura yako, siri ya sanduku ni uhai. Lakini mstari wa Uganda ulikuwa na faida moja: mgombea alikuwa mtu mzima amesimama mbele ya wanaomjua, na deni lake la dukani linajulikana.

Wapo watakaojibu kwamba haya yote ni ndoto. Tangu 6 Mei 2021 Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura, gavana ni jenerali, na viti vya meya na burgumesta vikapewa maafisa wa jeshi na polisi. Diwani wa nini, basi? Pingamizi hilo ni la kweli kiasi, na ndilo linaloufanya msimamo wa mgombea kuwa na uzito zaidi. Anaonaje baraza la raia kukaa pamoja na utawala wa kijeshi? Atadai vikao, au atangojea aitwe? Akiwa hana mshahara kwa miezi, atafanyaje kazi, na nani atamlipia mafuta ya pikipiki? Chama kisichoweza kuyajibu hayo kinaweza kushinda kiti, lakini hakitajua la kukifanyia.

Kuna pia wale ambao kura hii iliwapita pembeni. Bunia imejaa watu waliokimbia vijiji vya Djugu na Irumu, wengine wako katika kambi ya Kigonze, wengine wamepanga vyumba humu kartieni na watoto wao wanasoma na watoto wa hapa. Mtu hupiga kura pale alipoandikishwa. Siku ile ya 20 Desemba kituo kimoja cha kura mjini kilivamiwa na vifaa vikavunjwa, na hasira ya wakimbizi wa ndani ilihusishwa. Kuvunja mashine ni kosa. Lakini mkimbizi wa ndani hunywa maji ya mji huu, huuza katika soko lake na hulipa ushuru kama mwenyeji. Mgombea aseme anamhesabu vipi: kama mkazi, au kama mzigo wa mashirika.

Ombi kwa vyama, kwa hiyo, ni ukurasa mmoja kwa kila mgombea. Uandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu programu ya Kifaransa chenye mapambo husomwa na aliyeiandika na labda mkewe. Uwe wa lugha inayoweza kusomwa kwa sauti baada ya misa, baada ya swala ya Ijumaa, kwenye kituo cha wamotari. Juu uwe na maisha yake kwa matendo na miaka, fedha za watu alizowahi kushika, mali aliyonayo anapoingia. Chini uwe na majibu yake: ushuru wa soko, mifereji na takataka, vikao vya wazi vya baraza, wakimbizi wa ndani, na burgumesta atakayemchagua. Mahali asipokuwa na jibu, aandike kwamba hana. Mpiga kura wa Bunia ameshasikia uongo wa kila urefu. Jibu la "sijui, nitauliza" litamshtua kwa uzuri.

CENI haiombwi kuwapima wagombea, na isijaribu. Inaombwa itoe nafasi ya kubandika kurasa hizo kwenye vituo, pale pale inapobandika orodha ya wapiga kura, na iwe wazi kwa kila orodha bila ubaguzi. Redio zinazosikika mjini, kama Radio Candip na Radio Okapi, zina mazoea ya kuwaalika wakubwa wa kitaifa; wagombea wa komini moja wakikalishwa kwenye meza moja kwa saa moja, kwa Kiswahili, na msikilizaji akaruhusiwa kuwauliza bei ya meza ya soko, mengi yatajulikana kabla ya dakika ya 20.

Kwa muhula wa miaka 5, kura nyingine ya namna hii inapaswa kuja Desemba 2028. Kurasa zikitoka wakati wa kampeni, siku 15 hazitatosha kuzisoma wala kuzihakiki. Zitoke kabla orodha hazijapelekwa CENI, wakati jina bado linaweza kufutwa kwa kalamu. Chama kitakachoona kwamba mtu wake hawezi kuujaza ukurasa huo kitakuwa bado na muda wa kubisha hodi kwa mwingine.

Imeandikwa Saio, Bunia.